Fizi Zikitoa Damu, Usiweke Mswaki Pembeni

Ugonjwa wa fizi ni nini?
Ni maambukizi na uvimbe wa nyama inayozunguka meno. Chanzo kikubwa ni ukoga, utando wa bakteria unaojijenga kila siku. Usipotolewa hugeuka mgumu, na hapo mswaki hauuwezi tena.

Fizi zinatoa damu nikipiga mswaki. Niache kwanza zipone?
Hapana, usiache. Wagonjwa wanatufikia kliniki ya meno kutoka Bahi, Chamwino na Kongwa, mkoani Dodoma, wakiwa wamekaa miezi wakisukutua maji ya chumvi tu, eti fizi zipumzike. Damu inatoka kwa sababu ya ukoga. Ukiacha mswaki ukoga unazidi, na damu inazidi. Chukua mswaki laini na dawa ya meno yenye floridi, asubuhi na usiku, usugue taratibu mpaka pale jino linapokutana na ufizi. Ugonjwa ukiwa bado mchanga, damu hupungua ndani ya wiki 1 au 2. Isipokoma, njoo.

Lakini haziumi. Si ningoje kwanza?
Usingoje. Tafadhali, usingoje! Ugonjwa huu hula mfupa unaoshikilia meno bila maumivu, na mfupa ukishaliwa haurudi wenyewe. Anayesubiri maumivu huja jino linacheza, na mara nyingi kinachobaki ni kung'oa. Mzee wangu, meno kulegea si uzee. Ni ugonjwa uliosubiriwa.

Fizi zinahusianaje na kisukari?
Sukari ikiwa juu, fizi hushambuliwa kirahisi. Fizi nazo zikivimba, insulini, homoni inayoshusha sukari, hufanya kazi kwa shida na sukari inagoma kushuka. Kutibu fizi husaidia kushusha sukari kiasi, ila dawa zako za kisukari usiziache. Kama unahudhuria kliniki ya kisukari na hujawahi kuangaliwa kinywa, omba uangaliwe. Wenye ugonjwa mkali wa fizi pia hupata zaidi maradhi ya moyo na kiharusi, ingawa sigara huchangia yote hayo.

Nina mimba. Nisubiri nijifungue?
Usisubiri. Homoni za ujauzito huzidisha uvimbe wa fizi, na kusafishwa meno ni salama kwako na kwa mtoto. Mweleze tu mhudumu kwamba una mimba.

Nikimwaga unga wa kapsuli za antibiotiki, yaani dawa za kuua bakteria, kwenye ufizi je?
Acha kabisa. Unaweza kuuunguza ufizi, ukoga unabaki palepale, na vijidudu vinazoea dawa. Kinachotakiwa ni kukwanguliwa ukoga na mtaalamu wa kinywa. Ugoro nao uache. Mvuta sigara asijidanganye kwamba fizi zake hazitoi damu: sigara huificha damu hiyo huku mfupa ukiendelea kuliwa.

Ni lini nisilale nyumbani?
Taya au shingo ikivimba, ukishindwa kumeza au kufungua kinywa, ukipata homa pamoja na uvimbe, au pumzi ikibana, nenda hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku. Usianzie duka la dawa.