Kofia ngumu peke yake si udhibiti wa hatari

Udhibiti wa hatari katika upandaji farasi ni kutambua kinachoweza kumuumiza mtu, kupima uwezekano na uzito wa madhara, kuchukua hatua, kisha kukagua upya kila hali inapobadilika. Maana haizidi hapo. Kinachokera ni kusikia: "Hatari tumeidhibiti, kila mpandaji ana kofia."

Kofia haizuii mtu kuanguka. Huanza kazi pale hatua nyingine zote zimeshashindwa, tena ni kazi ya mara moja: povu gumu la ndani hubonyea ili kupunguza nguvu ya pigo, na halirudi lilivyokuwa. Kofia iliyopata pigo zito haifai tena, hata kama ganda la nje halina ufa.

Kinachozuia kuanguka ni vitu kama mkanda wa tandiko, ule unaopita chini ya kifua cha farasi kushikilia kiti cha mpandaji. Farasi wengi hukaza misuli na kutanua kifua wanapofungwa mkanda huo, hivyo mkanda uliobana vizuri zizini huweza kulegea baada ya dakika chache za kutembea. Tandiko huzunguka, hasa mtu anapokanyaga kikuku (pete ya kuwekea mguu) cha kushoto ili apande, uzito wote ukiwa upande mmoja. Ndiyo maana mkanda hukazwa kidogo kidogo, hukaguliwa kabla ya kupanda, na hukaguliwa tena baada ya dakika tano hadi kumi za mwendo.

Halafu kuna kuburutwa na farasi, mguu ukiwa umenasa kwenye kikuku. Kikuku kinatakiwa kizidi upana wa kiatu kwa sentimita 2.5 hivi. Kikiwa chembamba, mguu hunasa. Kikiwa kipana mno, kiatu chote hupenya, na kisigino kifupi ndicho hukizuia. Wapo wanaonunua kofia ya bei kubwa kisha wanapanda na raba zisizo na kisigino!

Wala mtu hahitaji kuwa juu ya farasi ili aumie. Farasi haoni kilicho nyuma yake moja kwa moja. Anayemjia kutoka huko bila kutoa sauti hualika teke, na kofia hailindi goti. Mwendee kwa upande wa bega, ukimsemesha.

Anayegawa kofia hajakosea kuzigawa, amezipa tu jina kubwa mno. Hiyo ni kinga ya mwili. Udhibiti wa hatari unauliza pia nani amekagua mkanda, mwanafunzi huyu kapewa farasi yupi, na kama kati ya farasi na farasi kumeachwa nafasi isiyopungua urefu wa farasi mmoja.