Kizimba cha chatu mpira mchanga katika baridi ya Nairobi

Nikiletewa chatu kliniki anapumua mdomo wazi, au ngozi ya zamani imemganda vipande vipande mgongoni, kabla sijamshika namuuliza mwenye nyoka: huyu analala kwenye nini? Mara nyingi jibu ni tangi la vioo la samaki, lenye wavu juu, lililowekwa sebuleni wageni wamwone. Linapendeza, sikatai. Ila kwa mji huu, kati ya vizimba vyote unavyoweza kumnunulia chatu mpira mchanga, hilo ndilo baya zaidi.

Kabla ya kufika huko, karatasi. Chatu mpira, Python regius, yule anayejikunja duara na kuficha kichwa katikati akiogopa, si nyoka wa Kenya. Kwao ni Afrika Magharibi na ya Kati, kuanzia Senegal hadi Uganda, na wengi wanaosafirishwa kutoka bara hili hutokea Ghana, Togo na Benin. Yuko kwenye Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vya porini, kwa hiyo kumwingiza nchini kunataka vibali, na mlango wa kubisha hapa kwetu ni KWS, shirika la wanyamapori. Muuzaji akikosa karatasi, achana naye. Habari ya kizimba haijafika bado. Na usiende kumwokota chatu wa porini ukidhani ni yule yule. Chatu wetu wa mabondeni na kando ya mito hupita mita nne, na ni mnyamapori anayelindwa na sheria ya wanyamapori ya 2013.

Sasa kizimba. Chatu mpira ni mnyama wa savana, lakini mchana humwoni kwenye hiyo savana. Yumo chini, ndani ya mashimo ya panya na vichuguu vya mchwa, mahali penye giza, pamebana, na joto halipandi wala kushuka ghafla. Hewa ya humo ina unyevu hata nje kukikauka. Kwa hiyo unachotafuta ni shimo lililowekwa juu ya meza, na ukilishika hilo, maamuzi mengi yanajitoa yenyewe.

Nyoka hajitengenezei joto la mwili kama sisi. Huyu anahitaji upande mmoja wa kizimba uwe nyuzi 31 hadi 33 za selsiasi, upande wa pili 25 hadi 27, na usiku pasishuke chini ya 24. Nairobi tuko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Usiku wa Julai joto la nje hushuka hadi 11 au 12, nyumba nyingi hazina hita, na sakafu za saruji na terazo hubaki baridi hadi saa sita mchana. Maana yake kizimba chako kitapigana na chumba usiku kucha. Kioo hupitisha joto upesi, na wavu juu huliachilia lipae. Unalipia tokeni kupasha dari.

La pili, unyevu, ndilo linalowashangaza watu. Kila mwenye chatu hujua Januari na Februari hewa ni kavu. Julai, kukiwa na mawingu na manyunyu, wanalegea: si kuna unyevu kila mahali? Ndani ya boksi hakuna. Hewa ya nyuzi 15 yenye unyevu wa asilimia 80, ukiipasha hadi nyuzi 30 bila kuiongezea maji, unyevu wake hushuka hadi karibu asilimia 32, kwa sababu hewa moto ina nafasi ya kubeba mvuke mwingi zaidi. Chatu mpira anataka asilimia 55 hadi 65, na zaidi kidogo anapokaribia kujivua gamba. Wavu ukiwa wazi, hewa kavu inazidi kuingia na mvuke unatoka, hata ukipuliza maji asubuhi na jioni. Hapo ndipo ngozi inapogoma kutoka, na vile vifuniko vya ngozi vilivyo juu ya macho vinabaki. Chatu mwenye afya huvua gamba zima kwa mpigo mmoja, likageuka ndani nje kama soksi.

Kwa kinda mimi napendekeza boksi la plastiki lenye kifuniko cha klipu, lile watu wanalowekea nguo au unga. Ni rahisi, linashika unyevu, linaoshwa kwa dakika chache, na kinda anatulia kwa sababu haoni watu wakipita. Liwe na urefu wa sentimita 60 au zaidi. Chini ya hapo pande zote mbili huwa na joto moja, na nyoka hana pa kukimbilia. Toboa matundu pembeni kwa msumari uliopashwa moto, yasizidi milimita tano, kisha ulainishe kingo. Ukitoboa, toboa pande mbili zinazotazamana ili hewa ipite. Unyevu uliotuama bila hewa huozesha magamba ya tumboni na kumletea nyoka ugonjwa wa mapafu.

Utasikia ikisemwa kwamba kinda akiwekwa kwenye kizimba kikubwa atagoma kula. Kuna ukweli ndani yake, ila lawama imeelekezwa pabaya. Kinda aliyetoka yaini juzi ana sentimita 25 hadi 43. Ukimweka kwenye uwanja mtupu lazima aogope, kwa kuwa kwao kila kitu kikubwa kinamla. Tatizo ni ule utupu. Mpe maficho mawili yanayombana mwili, moja upande wa joto na jingine upande wa baridi, kisha jaza katikati majani ya plastiki, magome na maboksi ya karatasi, atakula hata kwenye kizimba cha mita moja. Vyungu vya maua vinavyouzwa kando ya barabara hufaa sana kwa maficho, vikilazwa au vikivunjwa nusu na kusuguliwa msasa. Lile tundu la chini la kutolea maji liangalie: nyoka huingiza kichwa, akanasa katikati ya mwili. Lizibe au lipanue kabisa.

Joto litoke wapi? Hapa ndipo ninapoona majeraha mabaya. Agrovet yoyote itakuuzia balbu nyekundu ya kulelea vifaranga, nyingi zikiwa za wati 175 au 250. Hiyo ni ya kupasha banda. Ndani ya boksi la sentimita 60 itamkaanga, na usiku kucha anaangaziwa taa wakati anahitaji giza. Mkeka wa joto wa umeme chini ya boksi ni bora, lakini usiuchomeke moja kwa moja ukutani. Bila themostati, kile kifaa kinachokata umeme joto likitimia, unaweza kupita nyuzi 40, na nyoka hana akili ya kuondoka juu ya kitu kinachomuunguza polepole. Themostati zile zile za mashine za kutotolea vifaranga, zinazopatikana kwenye maduka ya elektroniki ya Luthuli Avenue, hufanya kazi hii vizuri; hakikisha tu inahimili wati za kifaa chako. Kihisi chake kiweke kati ya mkeka na boksi, halafu pima kwa kipimajoto kingine ndani, palepale nyoka anapolala. Usiamini namba ya kifaa kimoja.

Mkeka hupasha sakafu, haupashi hewa sana. Chumba kikishuka hadi nyuzi 16, tumbo la nyoka litakuwa na joto huku akivuta hewa baridi. Kwa sababu hiyo, wateja wangu wa Limuru Road na Karen, kwenye nyumba kubwa za baridi, nawaambia waende kwa fundi. Boksi la plaiwudi ya milimita 18, milango ya vioo ya kuteleza mbele, matundu machache nyuma, viungo vyote vizibwe kwa silikoni, na emita ya kauri, kitu kama balbu kinachotoa joto bila mwanga, juu upande mmoja. Mbao hushika joto kuliko kioo. MDF, ule ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa, ikataeni, maana ikinyonya maji inavimba. Emita izungushiwe kizuizi cha wavu, kwa sababu chatu hupenda kujizungusha kwenye kitu chenye moto, na soketi yake iwe ya kauri, ya plastiki itayeyuka. Vanishi ipewe wiki kadhaa ikauke hadi harufu iishe. Emita ya wati 80 ikiwaka nusu ya muda hula karibu uniti moja kwa siku; kwenye boksi lililozibwa vizuri inazima mara nyingi zaidi.

Fundi huyo huyo atakupa takataka za randa bure uzitandike. Kataa kwa adabu. Hujui zimetoka mti gani, na mtarakwa, mbao yetu ya nguzo na makabati, una mafuta yenye harufu kali yanayoumiza mapafu ya reptilia. Tandika unga wa makumbi ya nazi, ule wanaooteshea miche kwenye vitalu, unyevu kidogo chini na mkavu juu. Kwa wiki za kwanza hata karatasi ya jikoni inatosha, unaona kinyesi na utitiri mapema.

Kufuli. Kichwa kikipita, mwili wote umepita, na kinda ni mwembamba kama kidole. Kwenye fleti, nyoka akitoroka hutafuti nyoka tu, keateka akisikia utatafuta na nyumba. Klipu za pande zote zifungwe kila mara, na waya za umeme zipite kwenye tundu lililozibwa.

Stima ikipotea, funika boksi blanketi uache matundu ya hewa, na weka nje yake, ukutani kwa upande wa joto, chupa ya maji moto iliyozungushiwa taulo. Kama amekula siku mbili zilizopita usimshike, na kama hajala usimlishe hadi joto lirudi, kwa sababu kwenye baridi chakula hakimeng'enywi, atakitapika. Saa chache za nyuzi 22 hazimuui mnyama mwenye afya. Usiku tatu mfululizo ndizo zinazomleta kwangu.

Ukiwa tayari unalo lile tangi la vioo, usilitupe. Ziba robo tatu ya wavu kwa plaiwudi, bandika polistirini, lile povu jeupe la kufungashia vifaa, nje ya kuta tatu, liondoe dirishani jua lisilichome, na liweke juu ya meza badala ya sakafuni. Halitakuwa zuri tena kwa wageni.

Jike mzima hufika sentimita 120 hadi 150, na anahitaji kizimba cha 120 kwa 60 kwa 60 kwa miaka 20 au 30 ijayo. Mwenye uwezo ajenge hicho leo, amwambie fundi aweke ubao wa kugawa katikati unaotoka. Kingo za ubao zisiache mwanya, na kihisi cha themostati kiwe upande anaoishi nyoka. Kiwashe kikiwa kitupu wiki nzima, usome joto saa kumi usiku na saa nane mchana, halafu ndipo umlete.