Wazee maskini hawakuwatoa Waingereza Ulaya peke yao

Jumapili iliyopita tulikuwa kwa dada yangu, mtaa wa Umoja. Chakula kimeliwa, chai imemiminwa, mpwa wangu akaanza. "Anti, si wewe ndiye wa kura za maoni? Waingereza walitolewa Ulaya na wazee maskini wasiosoma. Vijana walikataa. Na hapa Kenya vijana ni asilimia 75. Siku tukipewa kura ya maamuzi, nani atatuweza?" Meza nzima ikaitikia. Hata shemeji yangu, ambaye ana miaka 63, alitikisa kichwa kukubali.

Mwaka huu nimeisikia hoja hiyo redioni, nimeisikia kwenye matatu ya Rongai, na mara mbili nimeisikia kwenye vikao vya watu wanaolipwa kuchambua siasa. Nimechoka kuijibu kwa dakika mbili huku chai ikipoa. Leo naijibu kwa kirefu.

Tuanze na lugha, maana Kiswahili kinatumia "kura ya maoni" kwa mambo mawili: siku nchi nzima inapopanga foleni kuamua jambo, na siku mhoji wangu anapobisha mlango akiwa na dodoso. Hapa la kwanza nitaliita kura ya maamuzi, la pili utafiti wa maoni. Tofauti hii si ya kisarufi tu. Karatasi ya kura haina umri wala mshahara. Uingereza, tarehe 23 Juni 2016, kura zilihesabiwa katika maeneo 382, na kilichotoka ni idadi ya waliotaka kubaki katika Umoja wa Ulaya na waliotaka kujitoa: asilimia 48.1 kwa 51.9. Basi. Hakuna karani aliyehesabu kura za wazee pembeni. Kila unachosikia kuhusu rika na tabaka kilitoka kwenye utafiti wa maoni, au kwa kulinganisha eneo na eneo.

Kwetu ni vivyo hivyo. Kituo kikubwa cha kupigia kura kinagawanywa kwa herufi za majina, si kwa rika, na fomu inayobandikwa mlangoni inaonyesha idadi tu.

Haya, tafiti zilisema nini? Kuhusu umri, zilikubaliana vizuri. Ule mkubwa wa Lord Ashcroft, mwanasiasa wa huko anayefadhili tafiti za maoni, uliohoji watu zaidi ya 12,000 baada ya kupiga kura, uliwakuta vijana wa miaka 18 hadi 24 wakitaka kubaki kwa asilimia 73, na wenye miaka 65 kwenda juu wakitaka kujitoa kwa asilimia 60. Kuhusu tabaka, wale wa juu, ambao Waingereza huwaandika A na B, walitaka kubaki kwa asilimia 57. C1, yaani wafanyakazi wa ofisini wa ngazi za kawaida, waligawanyika karibu nusu kwa nusu. Mafundi stadi (C2), vibarua na wasio na kazi (D na E) walitaka kujitoa kwa asilimia 64.

Mpwa wangu anasimama hapo na kusema, "Si ndivyo nilivyosema?" Sivyo. Hapa ndipo damu yangu huchemka, kwa hiyo nivumilie.

Chukua mtaa mmoja wa hapa Nairobi unaopiga kura kuamua kama barabara iwekewe geti na askari, kila nyumba ilipe kila mwezi. Wapiga kura ni 100: wenye nyumba 60, wapangaji 40. Wenye nyumba wanagawanyika katikati, 30 wanakataa geti. Wapangaji 24 wanakataa, yaani asilimia 60 yao. Geti limekataliwa kwa kura 54. Jioni hiyo hiyo utasikia, "Wapangaji ndio waliotunyima geti." Hesabu tena. Kati ya hizo kura 54 za kukataa, 30 ni za wenye nyumba. Zaidi ya nusu! Mpangaji mmoja mmoja alielekea zaidi kukataa, hilo ni kweli, lakini kura nyingi za kukataa zilitoka kwa wenye nyumba, kwa sababu wao ndio wengi ukumbini.

Haya ni maswali mawili tofauti. La kwanza: kati ya maskini, wangapi walitaka kujitoa? La pili: kati ya waliotaka kujitoa, wangapi ni maskini? Jibu la moja si jibu la lingine, na hakuna ufasaha wa redioni utakaoligeuza liwe. Mwanajiografia Danny Dorling wa Oxford alilifanya swali la pili mwaka ule ule wa 2016 akitumia takwimu hizo hizo za Ashcroft. Alikuta kwamba asilimia 59 ya waliopiga kura ya kujitoa walikuwa wa tabaka la kati, yaani A, B na C1, na wale wa matabaka mawili ya chini kabisa, D na E, walikuwa asilimia 24 tu. Zaidi kidogo ya nusu waliishi nusu ya kusini ya England, ile yenye pesa. Matabaka ya juu ni watu wengi na hujitokeza zaidi kupiga kura. Ukitaka kujua nani aliupa upande wa kujitoa kura nyingi, mtafute pia mwenye nyumba nzuri na bustani kusini mwa nchi.

Kwa nini nalikazania hili? Kwa sababu lawama ina mahali inapotua. Nimekaa miaka mingi nikiwahoji watu Mathare na Kayole, na najua wanavyosemwa kila matokeo yanapowauma wenye nafasi: "hawakuelewa swali", "walihongwa unga". Mwenye gari aliyepiga kura ile ile haulizwi kama alielewa.

Upande wa elimu nitapita haraka. Wenye digrii walitaka kubaki kwa takriban theluthi mbili, walioishia shule ya sekondari walitaka kujitoa kwa takriban kiasi hicho hicho. Lakini elimu na umri zimefungwa kamba moja. Huko Uingereza mtoto aliruhusiwa kuacha shule akiwa na miaka 15 hadi mwaka 1972, na chuo kikuu kilikuwa cha wachache. Kwa hiyo ukimwona mzee asiye na digrii, kilichomsukuma ni uzee, au ni kukosa chuo? Sisi wa takwimu tuna mbinu za kuvitenganisha, na husaidia. Hazitenganishi kabisa. Anayekwambia amelifungua fundo hilo, muulize wazee wangapi wenye digrii walikuwa kwenye sampuli yake.

Tabaka nalo limechafuliwa na umri tangu kwenye fasili yake. Ule mpangilio wa A hadi E unafuata kazi ya mwenye kipato kikubwa nyumbani. Mstaafu mwenye pensheni ya kazini hupangwa kwa kazi yake ya zamani. Mstaafu anayeishi kwa pensheni ya serikali peke yake huangukia E, ngazi ya mwisho. Umeona kilichotokea? Ukisema "maskini walitaka kujitoa", ndani ya neno maskini umeshatia wazee. Kisha unasema "na wazee pia" kana kwamba umeleta ushahidi wa pili. Baadhi yao ni watu wale wale, umewahesabu mara mbili.

Na umri wenyewe ni nini? Miaka uliyonayo, au mwaka uliozaliwa? Waingereza walipiga kura ya Ulaya mara ya kwanza tarehe 5 Juni 1975, na asilimia 67 walichagua kubaki. Kijana aliyekuwa na miaka 24 siku ile alikuwa na 65 mwaka 2016. Ni rika lile lile! Kwa hiyo habari ya kwamba wazee wa leo walizaliwa wakiichukia Ulaya haisimami. Ama wengi walibadilika njiani, ama Ulaya yenyewe ilibadilika mbele yao. Mimi nadhani ni yote mawili, na kiasi cha kila moja nakikisia tu.

Ile ya kwamba vijana hawakutoka kupiga kura? Ilisambaa takwimu ya asilimia 36, ambayo haikupimwa siku ya kura ile. Watafiti wa London School of Economics baadaye walikadiria asilimia 64 ya vijana waliojiandikisha. Ila wazee walikadiriwa kufika karibu 90. Hata hapo nina wasiwasi, kwa sababu watu hudanganya kuhusu kupiga kura. Anayeona aibu kusema hakwenda husema alikwenda, na dodoso langu halina dawa ya aibu.

Sasa turudi nyumbani, kwenye ile asilimia 75. Sensa ya 2019 ndiyo ilisema hivyo: robo tatu ya Wakenya wako chini ya miaka 35. Lakini kundi hilo lina mtoto wa chekechea (PP1) na mwanafunzi wa darasa la tano. Kwenye sajili ya wapiga kura ya 2022 ya IEBC, tume yetu ya uchaguzi, yenye watu milioni 22.1, vijana wa miaka 18 hadi 35 walikuwa milioni 8.8, asilimia 39.84, na idadi yao ilikuwa imeshuka kuliko 2017. Mpwa wangu ana miaka 22. Nilimuuliza kama amejiandikisha. Alikunywa chai.

Halafu hao karibu asilimia 40 si kambi moja. Juni 2024 tuliwaona vijana barabarani wakiukataa Mswada wa Fedha, nami niliona fahari na hofu kwa pamoja. Lakini mswada wa kodi uliwagusa karibu wote upande mmoja. Katiba haifanyi hivyo. Mwaka 2005 Machungwa, alama ya walioikataa rasimu ya katiba, iliishinda Ndizi ya walioikubali, na kati ya mikoa minane ni Mkoa wa Kati pekee uliosema ndiyo. Mwaka 2010 Kijani, rangi ya ndiyo, ilishinda kwa theluthi mbili, na Bonde la Ufa likasema la. Eneo lilimbeba kijana na babu yake kwenye debe moja. Mtu akiniambia kura ijayo itaamuliwa na umri, naomba anionyeshe kwanza ni nini kitakachomtoa kijana wa Eldoret kwa babu yake.

Wengine hujaribu kupima tabaka kwa majimbo ya Nairobi. Msifanye hivyo. Jimbo la Westlands lina Kitisuru na lina Kangemi. Kibra ina Laini Saba na ina Woodley. Hata ukishuka hadi kituo kimoja cha Kitisuru, kwenye foleni utawakuta askari wa mageti, watunza bustani na akina dada wa kazi waliojiandikisha wanakoishi. Kituo ni cha matajiri kwa ramani tu.

Kuna jambo linaloninyima usingizi zaidi ya hayo yote. Wahoji wangu huingia Kayole hadi jikoni. Kileleshwa huishia getini. Kwa hiyo tunaposema "tabaka la juu la Nairobi linaonaje", mara nyingi tunasema wachache waliokubali kufungua, na tunawaongezea uzani ili wawakilishe waliokataa. Je, aliyekubali anafanana na aliyekataa? Nimeshaweka sahihi kwenye ripoti zilizochukulia kwamba ndiyo.

Na kupima tabaka kwa vitu vya nyumbani nako kunanisumbua. Tunauliza sakafu, maji, televisheni, jiko la kupikia. Kijana wa Roysambu mwenye digrii, televisheni ya mkopo na kodi ya miezi miwili anayodaiwa anaandikwa tabaka la kati. Miaka michache iliyopita, Kayole, nilimhoji mama wa miaka 60 na ushee, patapata miguuni, jiko la makaa, sakafu ya saruji, maji ya mtungi. Nikamwandika tabaka la chini. Nilipokuwa natoka akaja kijana kumlipa kodi, kisha mwingine. Ploti yote ilikuwa yake, vyumba kumi na viwili. Dodoso halikuwa na mahali pa kuviandika. Hili jipya linaloenda uwanjani Jumatatu lina swali hilo, la 14: "Je, kuna mtu anayekulipa wewe kodi?"