Orodha ya machapisho ya mtafiti wa tiba ya CAR-T: usihesabu, soma

Familia inayotafuta tiba ya saratani ya damu mara nyingi hutujia na orodha ndefu ya machapisho ya mtafiti fulani na swali moja: mtu aliyeandika makala nyingi hivi, si tumwamini? Ni swali la haki, lakini idadi ya makala peke yake haiwezi kulijibu. Muhimu ni kujua kila makala ilijibu swali gani, na wagonjwa waliotajwa humo waliishia wapi.

Tiba ya CAR-T, inayotumia seli za kinga za mgonjwa zilizobadilishwa, huanzia kwenye damu yake. Seli T, ambazo ni seli za kinga, hutenganishwa na damu hiyo na kupelekwa maabara. Huko huingizwa jeni mpya, aghalabu kwa kutumia virusi vilivyonyimwa uwezo wa kuzaliana. Jeni hiyo huipa seli kipokezi cha kutengenezwa kinachoitambua alama iliyo juu ya seli ya saratani. Katika leukemia (saratani ya damu) na limfoma (saratani ya mfumo wa limfu) nyingi alama hiyo ni protini iitwayo CD19. Seli zikishaongezeka hurudishwa mwilini kwa njia ya mshipa.

Tazama jinsi elimu hii ilivyojengeka kwenye machapisho. Mwaka 1989 Zelig Eshhar na wenzake wa Taasisi ya Weizmann, Israeli, walionyesha kwamba seli T inaweza kupewa kipokezi cha namna hiyo. Ilikuwa kazi ya maabara, haikuhusisha mgonjwa hata mmoja. Vipokezi vya mwanzo havikuzipa seli nguvu ya kudumu, hivyo watafiti wakaongeza ishara ya pili ya kuziamsha. Mwaka 2003 kundi la Michel Sadelain huko New York lilichapisha kazi iliyoonyesha seli zinazolenga CD19 zikiangamiza saratani katika panya. Mwaka 2011 kundi la Carl June la Chuo Kikuu cha Pennsylvania likatangaza matokeo ya wagonjwa watatu tu. Wawili kati yao saratani iliondoka kabisa. Anayehesabu angeipita makala hiyo, kumbe ndiyo iliyobadili mwelekeo wa fani nzima. Kundi hilohilo lilirudi mwaka 2022 na taarifa ya wagonjwa wale wawili: baada ya takriban miaka kumi, seli zilizotengenezwa zilikuwa bado zimo mwilini mwao. Mtafiti anayemfuata mgonjwa kwa muongo mzima namheshimu kuliko mwenye makala kumi za miezi mitatu mitatu.

Kuna chapisho jingine ambalo ningependa kila mtu alijue. Mwaka 2010 watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani, akiwemo Steven Rosenberg, waliandika juu ya mgonjwa wa saratani ya utumbo mpana aliyepewa seli zinazolenga protini ya HER2. Ndani ya dakika 15 pumzi ilianza kumshinda, na siku tano baadaye alifariki. Walieleza dozi, dalili na sababu waliyoidhania: protini hiyo hupatikana kwa kiwango kidogo kwenye seli za kawaida za mapafu. Maelezo hayo yaliwafundisha wengine kuanza na dozi ndogo na kuchagua shabaha kwa uangalifu zaidi. Orodha ambayo haina kifo, wala madhara, wala jaribio lililoshindwa, mimi huitilia shaka.

Soma pia asilimia hadi mwisho. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 kuhusu watoto na vijana wenye leukemia kali ulihusu wagonjwa 75, na asilimia 81 saratani yao haikuonekana tena ndani ya miezi mitatu. Baada ya mwaka mmoja, waliokuwa hai walikuwa asilimia 76, lakini waliokuwa hai bila ugonjwa kurudi wala tiba kushindwa walikadiriwa kuwa asilimia 50. Takwimu zote ni za kweli, ila tangazo litakuonyesha ile ya kwanza tu.

Kwenye majina ya waandishi wa makala, wa kwanza kwa kawaida ndiye aliyefanya sehemu kubwa ya kazi, na wa mwisho ndiye kiongozi wa maabara. Jina lililo katikati ya majina thelathini huenda lilichangia kidogo. Angalia pia tamko la maslahi, kwa kuwa watafiti wengi wa fani hii wana hataza au hulipwa na kampuni za dawa. Hilo si kosa, mradi limesemwa wazi.

Hatimaye linganisha orodha na ugonjwa wa mgonjwa wako. Tiba za CAR-T zilizoanza kuidhinishwa Marekani mwaka 2017 zilikuwa za leukemia na limfoma, na mieloma, saratani ya seli za plazma kwenye uboho, ikafuata mwaka 2021. Uvimbe mgumu, kama wa matiti au kongosho, umekuwa mgumu zaidi kwa seli hizi kuupenya na kuushinda. Kwa hiyo mtafiti akikuahidi kutibu saratani ya kongosho, mwombe makala zake zenye wagonjwa wa kongosho, zinazosema walifuatiliwa kwa muda gani na wangapi walikuwa hai.