Sukari kusoma kawaida sio kinga
Kuna imani ya siku nyingi kwamba ukipima sukari ikasoma kawaida basi kisukari hakikuhusu. Sio kweli jamani. Mwaka 2011 watafiti wa Framingham kule Marekani walirudia sampuli za damu za watu ambao sukari yao ilikuwa bado iko sawa, wakakuta amino asidi 5 (vijenzi vya protini), zikiwemo lusini, isolusini na valini, ziko juu kwa wale waliokuja kuugua hata miaka 12 baadaye, maana insulini, homoni inayoshusha sukari, inaanza kushindwa kazi mapema na kongosho linazalisha nyingi zaidi kuziba pengo, hivyo sukari inaendelea kusoma kawaida. Ila hatari sio hukumu, tafadhali msikate tamaa: utafiti mkubwa wa 2002 ulionyesha kupunguza uzito na mazoezi dakika 150 kwa wiki kunashusha hatari kwa 58%, na dawa ya metformini kwa 31%.