Je, wajua kwamba poti ya kompyuta si tundu la kuzibwa?

Wengi huamini kwamba kompyuta huja na matundu 65,536 yaliyo wazi, na kazi ya mwenyewe ni kuyaziba moja moja kabla mwizi hajapita. Sivyo. Poti ni namba tu, kuanzia 0 hadi 65535, inayoandikwa juu ya kila kifurushi cha data ili kompyuta inayokipokea ijue ikipeleke kwa programu gani. Namba yenyewe ina biti 16, ndiyo maana haizidi hapo. Tundu la kuchomekea waya nalo huitwa poti, lakini hilo ni jambo jingine kabisa. Pasipo na programu inayosikiliza kwenye namba fulani, hakuna cha kuziba.

Chukua nyumba ya mawe ya Mkomani, Lamu. Mgeni husimama dakani akapiga hodi. Akiambiwa "karibu", naye akaitikia, mazungumzo yanaanza. Muunganisho wa TCP, njia ya kutuma data kwa kuhakikisha imepokelewa, huanza kwa hatua hizo hizo tatu, na poti inayojibu hivyo ndiyo tunayoiita wazi. Akijibiwa "umtakaye hayuko hapa", poti imefungwa, ingawa nyumba ina watu. Akipiga hodi, akarudia, ikawa kimya, basi ama faiwoli (kizuizi kinachochuja data inayoingia na kutoka) inazimeza hodi zake, ama nyumba haina mtu. Aliye nje hawezi kutofautisha. UDP, njia nyingine ya kutuma data, haina desturi ya hodi. Mjumbe huacha barua dakani akaenda zake, kwa hiyo kimya chake usikihesabu kuwa usalama.

Kujua nani anajibu hodi kwako, kwenye Windows andika `netstat -ano` usome mistari yenye LISTENING. Namba ya mwisho ni kitambulisho cha programu. Itafute kwa `tasklist`. Kwenye Linux ni `sudo ss -tulnp`. Tazama sana anwani iliyotangulia poti. 127.0.0.1:5432 ni programu inayozungumza na kompyuta yake yenyewe tu. Sauti haivuki kiwanda, yaani ua wa ndani wa nyumba. 0.0.0.0:445 inamjibu yeyote atakayefika. Poti 445 ndiyo Windows hugawia mafaili na printa, na katika saiba huachwa wazi ili kompyuta zote zichapishe kupitia moja. WannaCry, programu haribifu iliyofunga mafaili ya watu na kudai fidia, ilipita hapo Mei 2017, ilhali Microsoft ilikuwa imetoa kiraka cha kurekebisha kasoro hiyo tangu Machi.

Basi kufunga poti ni kuizima programu inayosikiliza. Faiwoli ni dawa ya pili. Programu ukiihitaji, iruhusu kwa mtandao wa ndani pekee. Kwenye Ubuntu, kwa mfano poti 22 ya SSH (njia ya kuisimamia kompyuta kutoka mbali): `sudo ufw allow from 192.168.1.0/24 to any port 22 proto tcp`, kisha `sudo ufw enable`. Usigeuze mfuatano wa amri hizo. Na ukiisimamia seva kutoka mbali, anwani unakotokea iwe ndani ya ruhusa, la sivyo utajifungia nje, na kama seva iko Pate, kuirudia ni safari ya boti.

Kwenye ruta zima UPnP, maana huiacha kamera ijifungulie poti bila kukuuliza. Kisha jipime kwa nje, kwa data ya simu badala ya Wi-Fi ya nyumba hiyo, ukitumia nmap, programu ya kukagua poti: `nmap -Pn -p 22,445,3389` na anwani yako ya nje (3389 ni poti ya kuitawala Windows kutoka mbali). Kwanza hakikisha anwani ya nje iliyo kwenye ruta haianzi kwa 100.64 hadi 100.127. Ikianza hivyo, unaishiriki anwani ya intaneti na wateja wengine, na mlango utakaoubisha si wako.