Asembli Ikijifunga, Usikimbilie Kununua RAM

Kwenye karakana za Shimanzi na Changamwe, kijana anayechora winchi au pampu akilalamika kwamba SolidWorks, programu ya kuchorea mashine kwenye kompyuta, inajifunga kila akifungua asembli (vipande vingi vilivyounganishwa kuwa kitu kimoja), ataambiwa dawa kabla hajamaliza kueleza ugonjwa.

"Ni RAM hiyo," yaani kumbukumbu ya kazi ya kompyuta. Huenda, lakini Task Manager, kidirisha cha Windows kinachoonyesha programu zinavyotumia mashine, itakwambia bure. Kama programu huanguka huku RAM nyingi ikiwa wazi, hela zako zitapotea. Kuna kikomo kingine ambacho wengi hawakijui: Windows, isipobadilishwa, huipa kila programu nafasi ya vitu 10,000 vya GDI, ambavyo ni aikoni, fonti na vidude vingine vya kuchora skrini. Ukishinda umefungua asembli na michoro kibao bila kufunga, hesabu hupanda tu. Kwenye Task Manager nenda kichupo cha Details, ongeza safu ya GDI objects. Ukiona inakaribia 10,000, sevu, funga programu, anza upya.

"Nunua yenye kore nyingi," yaani prosesa yenye vitengo vingi vya kufanya hesabu. Kore nyingi hufaa kurenda (kutoa picha inayofanana na kitu halisi) na baadhi ya hesabu za uimara. Kujenga upya modeli ni kazi ya foleni, hatua hii ikisubiri ile, kwa hiyo kasi ya kore moja ndiyo yenye maana zaidi.

"Weka draiva mpya kabisa," yaani programu ndogo inayoendesha kadi ya grafiki. Mpya si lazima iwe iliyojaribiwa. SolidWorks wana orodha yao ya kadi za grafiki na draiva walizozipima, fuata hiyo. Ukitaka kujua kama kadi ndiyo mkosaji, funga mafaili yote, ingia System Options, Performance, kisha weka tiki kwenye Use software OpenGL, ili picha ichorwe bila kutegemea kadi. Picha itakwenda kwa kujikokota, ila kujifunga kukiisha, umempata. Toa tiki ushughulikie draiva.

"Asembli imeharibika, chora upya." Hapa ndipo watu wanapopoteza wiki nzima, na mara nyingi mbaya ni kipande kimoja tu. Fanya nakala kwa Pack and Go ili vipande vyote vifuatane, uiweke kwenye diski ya kompyuta yenyewe, si kwenye flashi. Zima nusu ya vipande kwa Suppress. Ikiendelea kuanguka, mkosaji yumo kwenye nusu iliyobaki. Ikitulia, yumo kwenye uliyoizima. Gawa tena. Kwa vipande 200 hutazidi raundi nane, ikiwa mkosaji ni mmoja. Asembli ikikataa hata kufunguka, badilisha jina la faili unayoishuku ili programu isiione, kisha ujaribu.

Washukiwa wangu wa kwanza ni faili za STEP (aina ya faili ya kubadilishana michoro kati ya programu) zilizotoka kwa muuzaji wa pampu zikiwa na nyuso zenye mianya (Import Diagnostics huzionyesha), na bolti zilizochongwa thredi halisi halafu zikanakiliwa kila tundu la flanji. Bolti ya kuonyesha mahali haihitaji thredi za kweli; weka za kuchorwa tu. Baada ya hapo tazama vipande vinavyotegemeana kwa mzunguko: kifuniko kinachukua kipimo kwa bodi, bodi nayo inakaa kwa kufuata kifuniko.

"Ni joto la Mombasa." Joto hupunguza kasi au huzima mashine yote. Programu ikijifunga peke yake, Windows ikabaki inafanya kazi kama kawaida, usianze na feni.